Barua za Wadhamini

Kijana alifika barazani kwangu saa kumi za jioni, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama wakaavyo wenye haja. Alipata kusoma katika chuo cha ualimu nilipokuwa mkuu wake, akafundisha miaka kadhaa, kisha akaenda chuo kikuu na kutoka na shahada ya kwanza yenye alama nzuri. Sasa alikuwa akiomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, na wenye chuo walitaka wadhamini wawili. "Mwalimu," akasema, "sikutaka kukusumbua. Barua nimeshaiandika. Ni kutia saini tu."

Nilivaa miwani nikaisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na robo, wala sikuona kosa hata moja la sarufi. Ilisema kwamba mwombaji ni mchapakazi, mwadilifu, mbunifu, mwenye karama ya uongozi, awezaye kufanya kazi peke yake na pia pamoja na wenziwe. Ilisema vile vile kwamba alipokuwa chuoni alifanya uchunguzi juu ya utoro wa wanafunzi, na kwamba mimi niliusimamia kwa karibu. Uchunguzi huo niliukumbuka kwa mbali sana, maana mwaka ule kila mwanachuo aliandika wake, na kazi yangu ilikuwa kugonga muhuri kwenye majalada. Hata hivyo nikatia saini. Akaipiga picha kwa simu, akafungua kompyuta yake ya mkononi, akaingia katika barua pepe yangu kwa idhini yangu, akaipeleka. Tukanywa chai.

Nitarudi kwenye saini hiyo. Kwanza nataka niizungumzie barua yenyewe kama tunavyozungumzia hadithi au shairi, kwa kuwa ni aina ya maandishi isiyohakikiwa na mtu, na hali huamua maisha ya watu wengi kuliko riwaya zetu zote.

Kipimo changu ni chepesi. Funika jina la mwombaji kwa kidole, weka la mwenzake. Ikiwa barua inasimama vile vile, basi haikuwa na habari za mtu yeyote. Barua ile ya barazani ingemfaa kila mhitimu wa mwaka ule, pamoja na wale wawili tuliokaribia kuwafukuza. Ilikuwa imejaa sifa, na sifa ndizo zilizoidhoofisha: msomaji aliye mbali hawezi kuiona sifa, anaona tendo tu. Ukimwambia kwamba mtu fulani ni mbunifu, atakubali kwa adabu na kufungua faili linalofuata.

Niliwahi kuandika barua nyingine, miaka mingi nyuma, ambayo siionei haya. Ilimhusu binti mmoja niliyekaa nyuma ya darasa lake wakati wa mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa sehemu, darasa la nne, watoto zaidi ya sabini. Katikati ya kipindi aligundua kwamba waliokuwa wakimjibu ni watoto wa mstari wa mbele tu. Alifuta ubao wote, akachana gazeti kuukuu vipande virefu, akavigawa mpaka nyuma, akawaambia wakunje mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara wahesabu. Muda ukaisha kabla hajafika kwenye zoezi alilolipanga. Katika fomu ya ukaguzi nilimkata alama kwa kutomaliza andalio la somo, kwa kuwa fomu ilitaka hivyo. Katika barua niliyomwandikia baadaye nilieleza gazeti lile, na nikaeleza alama nilizomkata na sababu yake. Sikuandika kwamba ni mbunifu. Alipata nafasi.

Tofauti ya barua mbili hizi haikutokana na ufundi wangu wa kalamu. Mmoja nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lake, mwingine nilikuwa nimegonga muhuri kwenye jalada lake.

Pamoja na barua ya mdhamini huenda maandishi ya mwombaji mwenyewe, ambamo anaeleza nia yake. Tangu nistaafu nimeletewa mengi niyasahihishe, na naweza kuyagawa mafungu mawili bila kuyafungua. La kwanza huanza na utoto: tangu akiwa mdogo mwombaji alikuwa na shauku na fani hii, hata kama fani yenyewe ni takwimu za bima. La pili huanza na umaskini: alitembea pekupeku kwenda shule, alisoma kwa kibatari. Fungu hili la pili silidharau, maana aghalabu ni kweli tupu, na mimi mwenyewe kibatari nakijua moshi wake. Lawama yangu ni kwamba mwandishi hukomea hapo. Ametembea njia ile miaka saba, lakini hatuambii aliona nini njiani ambacho mtu wa gari hakukiona, wala ni swali gani lililomfuata tangu hapo hadi shahada ya kwanza. Anauza machozi, na wale wanaochagua wameshaletewa machozi ya dunia nzima.

Wale Waingereza wa Chevening, ambao ufadhili wao unagombewa sana na vijana wetu, hutaka insha za uongozi, za kujenga mahusiano, za masomo mtu anayoyachagua, na za mipango ya kazi baadaye. Hutaka pia mwombaji awe amefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Niliposoma sharti hilo nilicheka peke yangu. Mimi ni wa kizazi cha Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na mwajiri wao na tawi la chama waulizwe habari zao. Habari zangu ziliandikwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi niliyofundisha, mtu asiye na shahada, na barua yake sikuiona mpaka leo. Utaratibu ule ulikuwa na ubaya wake, nisiupambe. Aliyekosana na katibu wa tawi aliweza kusubiri sana, na wanawake walipungua chuoni hata ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Lakini yule mzee alikuwa amenitazama kazini kila siku. Kama alisema kwamba nachelewa Jumatatu, alisema alichokiona.

Chuo kikuu chetu kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria walikuwa hawafiki ishirini. Mhadhiri wao hangeweza kukosa kuwajua hata kama angetaka. Leo mhadhiri mmoja husimama mbele ya mamia, pengine na kipaza sauti, na kazi wanazoandika husahihishwa harakaharaka kwa alama ya vema na tarakimu. Simlaumu mhadhiri huyo. Sisi wazee ndio tuliopiga makofi vyuo vilipopanuka, na tulikuwa na haki ya kupiga, maana watoto wa watu walikuwa wakiachwa nje. Ila tulisahau kuuliza ni nani atakayewasoma. Mwanafunzi wa sasa anaweza kumaliza miaka mitatu, hata minne, pasiwe na mtu mzima aliyesoma aya yake moja kwa makini na kumrudishia akimwambia: hapa sikukuelewa, andika tena.

Ubaya wake huonekana mlangoni. Mwaka 2022 nchi ilishtushwa na matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo kila anayetaka kuwa wakili lazima aipitie. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walishindwa kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyepata kuwa mhadhiri. Barazani kote watu walibishana: shule inakomoa, la, vyuo vikuu vinatoa shahada za bure. Mimi nilivutwa na jambo dogo zaidi. Wote wale walikuwa na shahada mkononi, kwa hiyo walikwisha kufaulu mitihani mingi. Lakini mitihani mingi ninayoijua humtaka mtu ataje hoja tano. Katika mafunzo ya vitendo mtu huwekewa mkasa wa mteja, na ndani yake yamo ya maana na ya upuuzi, naye aseme atamfanyia nini na kwa nini. Hapo hakuna pa kunakili, na mtu ambaye hajapata kuulizwa "wewe unaonaje?" kwa miaka minne hawezi kulijibu swali hilo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa uwakili. Mbaya zaidi, lazima alijibu kwa Kiingereza alichokariri, hali mahakama zenyewe zimepewa Kiswahili kuwa lugha ya sheria tangu mwaka 2021.

Kwa hiyo naona vyuo vinapofungua semina za kuwaandaa vijana kwa masomo ya juu, wakafundishwa namna ya kujaza fomu na namna ya kufunga barua kwa heshima, vinapaka rangi mlango wa nyumba isiyo na ukuta. Kijana huandaliwa kwa uzamili siku ile, katika mwaka wake wa kwanza, mtu anapomrudishia karatasi ya kwanza.

Sasa saini yangu. Wiki sita baadaye niliandikiwa na mwalimu mmoja wa chuo kile cha ng'ambo. Walikuwa wamemhoji kijana kwa njia ya mtandao na kumwuliza juu ya uchunguzi wa utoro; majibu yake hayakuwatosha. Akaniuliza kwa adabu kabisa: katika uchunguzi ule mwombaji aligundua nini hasa, nami kama msimamizi nilimsahihisha wapi?

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Mke wangu alinishauri niandike lolote, kijana wa watu apate riziki yake. Nilijaribu. Niliandika sentensi mbili nikaziona zimejaa sifa. Siku ya nne nilimjibu kwamba barua ile sikuiandika mimi, na kwamba uchunguzi ule sikuusimamia. Sikumwambia kijana kabla ya kujibu, na hilo ndilo linalonichoma kuliko saini yenyewe. Nafasi hakuipata. Tulikutana mara moja msibani, akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo Mwalimu," nami nikaitika, tukaachana hapo. Ni mwalimu mzuri, nimesikia hivyo kwa wazazi wawili wasiojuana. Ningekwenda kukaa nyuma ya darasa lake hata kipindi kimoja kabla ya kushika kalamu, huenda ningekuwa na la kuandika. Shule yake ipo mwendo wa dakika arobaini kwa daladala.

Mwezi uliopita alikuja mwingine, msichana, naye ana barua iliyokwisha kuandikwa. Nilimwomba aiweke mkobani, nikampa karatasi tupu, aniandikie ukurasa mmoja juu ya kipindi alichofundisha kikamshinda. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa rushwa ya aina mpya. Amekwisha kuuleta mara mbili, na mara mbili nimemrudishia. Jumanne nitakwenda shuleni kwake. Mwalimu mkuu amekubali niwekewe kiti nyuma.