Kibarani Ilisafishwa, Junda Ikaachiwa Taka: Uchambuzi wa Uamuzi wa Mwaka 2018

Uamuzi wa mwaka 2018 wa serikali ya Kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Ali Hassan Joho, wa kulifunga jaa la Kibarani na kuzielekeza taka zake kwenye jaa la Mwakirunge, katika eneo bunge la Kisauni, ulikuwa na nusu mbili, na nusu ya pili ilikosewa waziwazi. Nusu ya kwanza haina mjadala, kwa kuwa jaa lile, lililokaa ukingoni mwa maji kando ya barabara ya Makupa inayounganisha kisiwa na Changamwe, lilikuwa hatari kwa afya na fedheha kwa mji wa bandari, na bustani iliyochukua nafasi yake ni kazi nzuri. Lakini sifa ya Kibarani imesikika kwa miaka mingi bila kuulizwa taka zenyewe zilikwenda wapi, kwa njia gani, na kwa gharama ya nani, na ukichunguzwa hivyo uamuzi huo unaonekana kuwa mfano kamili wa kiongozi kupanga vipaumbele kwa jicho la mpita njia badala ya jicho la mkazi.

Ili kosa hilo lieleweke, ni lazima kwanza utenganishwe mnyororo wa taka, yaani hatua ambazo taka hupitia tangu jikoni hadi mwisho wa safari yake. Hatua ya kwanza ni ukusanyaji, ambapo taka hutolewa nyumbani na kufikishwa mahali ambapo gari linaweza kuzichukua. Ya pili ni usafirishaji kwa lori. Na ya tatu ni utupaji, ama katika jaa la wazi, ambalo ni uwanja tu wa kumwagia, ama katika shimo lililojengwa kitaalamu, lenye sakafu isiyopitisha maji machafu na lenye kufukiwa udongo kwa utaratibu. Uamuzi wa 2018 uligusa hatua ya tatu peke yake, na hata hiyo haukuibadilisha aina yake, kwa sababu Mwakirunge, iliyorithiwa kutoka enzi za Baraza la Manispaa, ilikuwa jaa la wazi kama Kibarani. Kilichobadilika ni umbali na idadi ya macho yanayoliona.

Umbali huo ndio kiini cha hoja, na ni ajabu kwamba katika sherehe zote za Kibarani haukupewa uzito. Lori la taka lina saa maalumu za kufanya kazi kwa siku, na kila kilomita inayoongezwa katika safari ya kwenda na kurudi hupunguza idadi ya safari ambazo lori hilo linaweza kufanya, kwa hiyo kaunti inayosogeza jaa mbali bila kuongeza malori, au bila kujenga kituo cha kuhamishia taka, huwa imepunguza ukusanyaji katika wadi zake zote hata kama haikukusudia hivyo. Kituo cha kuhamishia ni eneo dogo lililozungushiwa ukuta, lililo karibu na makazi, ambapo taka za mikokoteni na magari madogo hupokelewa, hutenganishwa, na zile zinazobaki hupakiwa kwenye lori kubwa kwa safari moja ndefu. Malori ya kisiwani, ambayo hapo awali yalimwaga Kibarani kwa safari fupi, sasa yalilazimika kuvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 na ambalo msongamano wake unajulikana na kila mkazi wa Kisauni, kisha yaendelee kaskazini hadi Mwakirunge. Muda unaopotea darajani ni muda ambao lori halipo Mishomoroni, mtaa wa wadi ya Junda.

Wadi ya Junda, mojawapo ya wadi 7 za eneo bunge la Kisauni, ndiyo mahali pazuri pa kuupima uamuzi huu, kwa sababu sehemu kubwa ya vichochoro vyake haiingiliki kwa lori hata siku ambayo lori limefika. Taka za nyumba hizo hutolewa na vijana wenye mikokoteni, ambao hulipwa na wenye nyumba au wapangaji na kuzisukuma hadi mahali palipozoeleka kando ya barabara. Mkokoteni hauwezi kwenda Mwakirunge. Lori likichelewa, lundo hukua. Mvua za masika zikija, maji hulichukua lundo hilo na kulishusha kwenye hori ya Tudor, ule mkono wa bahari unaopakana na Junda upande wa magharibi, ambako plastiki huishia katika mikoko. Hapo madhara huonekana kwa karibu sana: mti wa mchu hupumua kwa vipumulio, yaani mizizi myembamba inayochomoza juu ya tope kuzunguka shina, na mfuko au gunia likinaswa juu ya vipumulio hivyo na kufunikwa na tope la maji kujaa na kupwa, mizizi hukosa hewa na mti huanza kufa taratibu, huku kaa na samaki wachanga waliokuwa wakijificha hapo wakipoteza makao, na mvuvi wa Junda akipungukiwa na kitoweo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilipunguza aina moja ya uchafu huo, lakini chupa, magunia na nepi za watoto hazikupigwa marufuku.

Ikumbukwe pia kwamba Joho hakuwa mgeni wa maeneo haya. Alikuwa mbunge wa Kisauni tangu mwaka 2007 hadi 2013, wakati eneo bunge hilo lilikuwa bado halijamegwa ili kuzaa Nyali, na kwa hiyo udhuru wa kutojua hali ya vichochoro vya Mishomoroni au mashamba ya Mwakirunge hauwezi kukubaliwa kwake kama ambavyo ungeweza kukubaliwa kwa mtu wa kuja. Mwaka uleule wa 2018 serikali yake iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Rangi na bustani ni mambo mema mahali pake, lakini yakiwekwa sambamba na kutokuwepo kwa vituo vya kuhamishia taka huonyesha kipaumbele kilichorudiwa: kile kinachoonekana na mgeni anayeshuka kutoka uwanja wa ndege wa Moi kilishughulikiwa, na kile kinachonuka mlangoni mwa mwenyeji kiliahirishwa. Kisauni ina historia ndefu ya kufanywa ua wa nyuma wa kisiwa, na serikali ya ugatuzi ilitarajiwa kuikomesha historia hiyo.

Suala la ushirikishaji wa wananchi linaingia hapa, na mara nyingi hujadiliwa vibaya, kana kwamba swali pekee ni iwapo mkutano uliitishwa na karatasi ya mahudhurio ikatiwa saini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la uzoaji na utupaji wa taka, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa Nairobi wa kulaumiwa. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 87, inataka wananchi wapate taarifa kwa wakati na wafikie mchakato wa kuunda sera yenyewe. Mahakama Kuu ilionyesha uzito wa sharti hilo mwezi Aprili 2014 ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa ukosefu wa ushirikishaji wa kweli. Kipimo cha ushirikishaji, basi, ni alama za maoni ya watu katika uamuzi uliotoka. Uamuzi ambao hauna neno lolote kwa mwenye mkokoteni, hauna kituo katika wadi yoyote ya Kisauni, na unaitwika Mwakirunge mzigo uliokuwa wa Kibarani, hauonyeshi alama hiyo, hata kama vikao mia moja vingekuwa vimefanyika.

Wakosoaji wa hoja hii husema kwamba fedha hazikutosha na kwamba hakuna aliyewahi kufanya vizuri zaidi. Jibu liko katika eneo bunge lilelile la Kisauni. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la matumbawe yaliyochimbuliwa, na René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza mwaka 1971 kupanda miti humo kwa majaribio, akapata kwamba mvinje ndio unaostahimili chumvi na joto, akagundua kwamba majani yake makavu hayaozi, kisha akawaleta majongoo wayasage hadi yakawa udongo. Haller alianza na swali la mfumo, yaani kitu gani kitakula kitu gani, na bustani ikaja baadaye kama matunda ya jibu. Kibarani ilianza na bustani.

Katika siasa nako kuna mfano. Emmanuel Karisa Maitha, mbunge wa Kisauni kuanzia 1997 hadi kifo chake Agosti 2004, aliiongoza Wizara ya Serikali za Mitaa kuanzia mwaka 2003, wakati LASDAP, mpango wa utoaji huduma wa serikali za mitaa, ulikuwa ukiendelea, ambao chini yake baraza la mji lilitakiwa kuwatangazia wananchi kiasi cha fedha kilichopo kabla ya wao kuchagua miradi katika mikutano ya kata. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake za utekelezaji, lakini kanuni yake ilikuwa bora kuliko desturi ya sasa ya kuwauliza watu wanataka nini bila kuwaambia kuna shilingi ngapi, kwa maana mtu asiyejua kiasi hawezi kupima kati ya kituo cha taka na mnara wa taa. Maitha alikuwa mtu wa mikutano ya hadhara, ambako kiongozi hujibizwa papo hapo.

Abdulswamad Shariff Nassir, aliyeshika ugavana mwaka 2022, aliupokea mfumo huu wa kupeleka taka Mwakirunge ukiwa umekwisha kuzoeleka, na mwaka huohuo Bunge la taifa lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayozitaka kaunti zianzishe vituo vya kurejesha malighafi na inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Mwakilishi wadi wa Junda, awe nani, amekatazwa na kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kujiingiza katika kazi za utendaji, kwa hiyo hawezi kununua lori wala kujenga kituo kwa mkono wake. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba makadirio ya bajeti, ambayo kila mwaka lazima yafikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, yana fungu la kiwanja cha kuhamishia taka upande wa Mishomoroni, chenye ukuta, paa na nafasi ya mikokoteni kuingia, na kukataa kuyapitisha ikiwa fungu hilo halimo.