Fundi wa ndege aliyegeuka mtunga hadithi

Wako wandugu wanaodhani kwamba kutunga hadithi ni kazi ya waliosoma vitabu vya lugha tu. Mtu aliyepitisha miaka yake katikati ya vyuma na hesabu, wasema, atatusimulia nini? Kwa hao namtaja Mwingereza Nevil Shute Norway, aliyezaliwa mwaka 1899. Alipiga hesabu za R100, chombo kikubwa cha angani kilichobebwa na gesi; mwaka 1931 akaanzisha na wenzake kompani ya kuunda ndege, Airspeed; mwaka 1938 akaiacha, akashika kalamu tu. Hadithi alikuwa akizitoa tangu 1926, lakini bila jina la Norway, maana aliogopa wakubwa wa kazi wasimhesabu kuwa mtu wa mchezo.

Kitabu chake kinachotufaa zaidi ni No Highway, cha mwaka 1948. Theodore Honey ni mtaalamu wa Farnborough, amefiwa na mke, ana binti mmoja, na wenzake wanamcheka. Yeye anashikilia kwamba chuma huchoka: hutikiswa kidogo kidogo kila siku, jicho halioni kitu, kisha siku moja kinakatika. Kwa hesabu yake, mkia wa ndege ziitwazo Reindeer utakatika karibu na saa 1,440 za kuruka. Anatumwa Canada kutazama mabaki ya Reindeer iliyoanguka. Akiwa angani anagundua kwamba hata ndege aliyopanda ni Reindeer, na saa zake zimekaribia kwisha. Huko Gander mafundi wanaikagua, wanasema ni nzima. Basi Honey anavuta mkono wa kukunja magurudumu, ndege inaanguka kwa tumbo hapo hapo chini.

Wanafunzi wa teolojia ya maadili, hiyo kesi ni yenu. Je, aweza mtu kuharibu mali ya wengine kwa jambo ambalo halijathibitishwa bado? Mimi nasema Honey alifanya vema, kwa kuwa roho za abiria zilikuwa hatarini, na aliyejua ni yeye peke yake. Mtunzi asiyejua karakana angalimpa hapo mahubiri marefu. Shute anampa namba tu, na watu wasiotaka kuzisikia.

Mwaka 1954 ndege mbili za Comet zilivunjika angani, ya kwanza karibu na Elba, ya pili karibu na Napoli. Watu 56 walikufa. Uchunguzi wa Farnborough ulionyesha kuchoka kwa chuma, si mkiani bali katika mwili wenyewe wa ndege. Tusimwite Shute nabii kwa sababu hiyo. Alikuwa fundi aliyejua wenzake wanahangaikia nini.

Kuna doa moja, nalo ni kubwa. Mkia uliopotea msituni Canada unapatikana kwa njia ya ubao wa kuulizia mizimu, mtoto akiushika! Kanisa linakataza mambo hayo, na kila katekista anajua sababu. Lakini hata kwa ufundi wa hadithi, huo ni uvivu. Tumekubali kumngoja Honey na mashine yake inayotikisa chuma usiku na mchana, halafu mtunzi anatuletea jibu la bure kutoka hewani. Anayekisoma kitabu hiki pamoja na vijana, akifika kurasa hizo asimame awaeleze. Kurasa za Gander awaachie wazisome wenyewe.