Kabla ya Kukabidhiwa Rungu

Tarehe 27 Novemba 2024 Watanzania walichagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Olasiti, kata ya magharibi mwa Jiji la Arusha, nayo ilipiga kura siku hiyo kama kata nyingine zote. Walioshinda wakala kiapo na kuingia kazini. Semina elekezi, kwa desturi yetu, huja baadaye: ukumbi wa siku moja au mbili, makabrasha, posho, picha ya pamoja mlangoni. Lakini kwenye ardhi hiyohiyo, katika maboma na mashamba ya Waarusha ambayo nyumba za mji zimeyazunguka pande zote, kuna uongozi mwingine wenye umri mkubwa kuliko jiji lenyewe. Ni uongozi wa rika, na msemaji wake ni laigwanani. Huyu naye huchaguliwa, naye hupelekwa kujifunza pamoja na wenzake. Tofauti ni kwamba kwake kazi kubwa hufanyika kabla. Kabla ya mafunzo, kabla ya sherehe, kabla rungu jeusi la cheo halijatua mkononi mwake, wazee wamekwisha kumshughulikia. Ninadai kwamba maandalizi hayo ni ufundi kamili, wenye kanuni na wenye wajuzi wake, na kwamba mafunzo yetu mengi ya uongozi hayazai kwa sababu tumebaki na mafunzo tukauacha ufundi unaoyatangulia.

Kwanza tujue laigwanani huandaliwa kwa kazi gani. Waarusha ni wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, watu wa migomba, mahindi na mibuni, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa mpangilio wa rika. Hawakuwa na mfalme. Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900 na kutafuta machifu wa kupokea amri, walilazimika kuwaweka, maana watu hawa walikuwa wakijiendesha kwa mikutano. P. H. Gulliver aliwachunguza Waarusha katika miaka ya 1950, na kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1963 kinaonyesha jambo ambalo mtu aliyezoea mahakama huenda asiliamini upesi: magomvi ya mipaka ya mashamba, mahari, madeni na hata kupigana yalimalizwa kwa kujadiliana hadi pande mbili zikubaliane, bila hakimu wa kutoa hukumu. Wasemaji wa rika na washauri wa koo walikuwa wajuzi wa mjadala huo. Hawakuwa na askari wala jela, na kauli yao haikuwa ya mwisho. Nguvu yao yote ilikuwa katika kusikiliza kwa muda mrefu, kukumbuka nani alisema nini, na kusimama mwishoni kutamka yale ambayo kikao kimeshayaelekea. Mtu asiye na cha kulazimishia hawezi kufundishwa kuamuru. Inabidi afundishwe kusikia, na kusikia hakufundishiki kwa siku mbili.

Kwa hiyo maandalizi huanzia kwenye kumtafuta. Kura haipigwi. Wazee huwatazama vijana wakiwa bado wanachunga, wanacheza na kugombana, wakapima hasira yao, ulimi wao, mwili usio na dosari, na nyumba wanayotoka. Laigwanani hupatikana akiwa bado kijana, rika lake likiwa linaanza, na atabaki msemaji wao watakapokuwa morani, watakapooa, watakapokuwa wazee wenye wajukuu. Haachi cheo baada ya miaka mitano. Wazee wanalijua hilo, na ndiyo maana hawana haraka. Kuna cheo kingine katika rika, olotuno, cha mtu anayechaguliwa wakati wa eunoto, sherehe ya kuwavusha morani kuelekea uzee, ambacho watu hukiogopa kwa uzito wa masharti na mikosi inayosemwa kumwandama mwenye nacho. Vijana hukikimbia. Nalitaja hili kwa sababu linafunua mtazamo ambao siasa zetu zimeupoteza: kwamba uongozi ni mzigo, na anayeutamani mno anastahili kuangaliwa mara mbili kabla ya kupewa.

Nani basi anamfundisha? Hapa ndipo penye akili kubwa kuliko zote katika mfumo huu. Kwa upande wa Tanzania majina ya marika yamefuatana hivi: Seuri, Makaa, Landis, Korianga, Nyangulo. Mtu angetegemea Korianga wawalee Nyangulo, kwa kuwa ndio waliowatangulia na wana kumbukumbu mbichi ya kazi. Sivyo. Moto wa rika jipya huwashwa na rika lililo juu yake kwa ngazi mbili, na wawashaji hao ndio walezi wake. Makaa waliwalea Korianga. Landis wanawalea Nyangulo. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Rika linalotangulia ni mshindani: linaombwa kuachia heshima, nafasi na sifa za umorani, na halina shauku ya kuona warithi wake wakifaulu mapema. Rika la juu zaidi limekwisha kuvuka huko. Halipokonywi chochote na vijana hawa, hivyo linaweza kuwaambia ukweli na hata kuwakemea, na kemeo lake lina uzito kwa kuwa walezi wana baraka mkononi na laana pia. Tazama sasa tunavyofanya sisi. Mwenyekiti mpya huelekezwa na yule aliyeshindwa naye, au na ofisa ambaye kesho watavutana juu ya mapato ya mtaa. Rais mpya wa serikali ya wanafunzi chuoni hukabidhiwa ofisi na kundi lililompinga kwenye kampeni. Kisha tunashangaa mafaili yakipotea.

Baada ya kuchaguliwa, msemaji mpya hukaa vikaoni pamoja na walezi wake akitazama kuliko kusema. Anajifunza historia ya rika na ya koo, nani anadai nini na tangu lini, faini ya kosa gani ni mifugo mingapi, nani asemeshwe kwa upole na nani kwa mkazo. Anajifunza pia ufundi wa jukwaa: kusimama, kushika fimbo, kutembea hatua chache mbele ya waliokaa, kumalizia hoja pale ambapo mpinzani wake atapata njia ya kurudi nyuma bila aibu. Haya yote yametangulia orpul, ile kambi ya porini ambako morani huchinja fahali, hula nyama na kunywa supu yenye mizizi na magome ya dawa, mbali na nyumba na kazi za kila siku. Wengi huiona orpul kama mahali pa kujenga misuli. Ni zaidi ya hapo: ni mahali ambapo rika hujijua, hukosana na kupatana. Lakini haifanyi kazi hiyo yenyewe. Inaifanya kwa sababu yupo miongoni mwao mtu aliyekwisha kufundishwa namna ya kusikiliza ugomvi, na wenzake wanamjua hivyo kabla hawajaingia msituni. Maharage yaliyolowekwa tangu jana huiva kwa kuni chache. Yaliyokauka yatamaliza mzigo mzima na bado yatauma meno.

Nchi yetu haijapungukiwa mahali pa mafunzo. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru, kuwapa elimu viongozi wa taifa jipya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi kwa maandishi, tena kwa ukali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Taasisi ya Uongozi ilianzishwa mwaka 2010, na Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Kibaha mwaka 2022. Hapa Arusha penyewe, taasisi ya ESAMI ipo Njiro na kituo cha MS-TCDC kipo Usa River. Walimu wapo, majengo yapo, na hoteli za mikutano zimejaa mji mzima. Pengo liko kwenye wiki zile zinazopita kati ya kuchaguliwa na kupanda basi la kwenda mafunzoni, wiki ambazo kiongozi mpya huachwa na pongezi tu. Anafika ukumbini hajasoma katiba ya chama chake, hajafungua muhtasari wa kikao hata kimoja cha miaka iliyopita, hajui akidi ya mkutano ni ngapi wala taasisi yake inadaiwa na nani. Mkufunzi anasema juu ya utatuzi wa migogoro, naye kiongozi huyo hana mgogoro wowote kichwani wa kuupimia maneno hayo. Anayaandika, anapiga makofi, anarudi nyumbani.

Mwandaaji anayejua kazi yake angeanza mapema. Angempa mwenyekiti mpya wa mtaa, wa kikundi cha vikoba, wa ushirika au wa wanafunzi mihtasari ya miaka mitatu nyuma, amtake aandike mambo yaliyoamuliwa yasitekelezwe. Angemtafutia mlezi wa ngazi mbili juu, yaani mtu aliyeshika nafasi hiyo zamani na asiyegombea tena. Angempeleka akae kwenye kikao kigumu cha watu wengine, shauri la mpaka au la mkopo usiolipwa, asiseme neno, kisha aulizwe nani alibadili msimamo na kwa nini. Na asingemwita peke yake. Angemwita pamoja na katibu na mweka hazina, maana kiongozi anayerudi na maarifa ambayo wenzake hawana hugeuka mgeni katika kamati yake mwenyewe. Laigwanani hajifunzi mbali na rika lake, na rika halijifunzi bila yeye.

Kuna pingamizi, na la kwanza ni zito. Ufundi huu ni wa wanaume. Mwanamke hana kiti katika kikao cha rika, haendi orpul ya morani, hashiki rungu, ingawa mashamba yanayogombaniwa ni yake kwa jembe na kwa jasho. Sitaki kulipamba hili. Ni kasoro, na kadiri ardhi ya Olasiti inavyokatwa viwanja, inazidi kumuumiza mjane na binti. Lakini kasoro hiyo iko katika nani anaruhusiwa kuingia. Namna ya kuandaa ni jambo jingine, nayo inaweza kuhama. Wanawake wa kifugaji wa Ngorongoro walioanzisha Baraza la Wanawake Wafugaji mwaka 1997 walijenga majukwaa ambamo wanawake hujifunza wao kwa wao kusimama na kudai ardhi, na leo wanazungumza na malaigwanani wakiwa upande wa pili wa meza. Wamethibitisha kwamba kulelewa kwa subira na waliotangulia hakuna jinsia.

Pingamizi la pili linasema: kiongozi aliyepikwa na wazee ataongoza kama wazee, na mji hautaki hivyo. Olasiti ya leo ina Wachaga, Wairaqw, Wameru, Wapare, Wasukuma na wengine, na hawana rika moja. Ni kweli. Sipendekezi mwenyekiti wa mtaa apewe rungu, na kura ya siri ina haki zake ambazo uteuzi wa wazee hauna. Lakini si kweli kwamba maandalizi ya kale hutoa watu wa kale. Ushahidi uko upande wa pili wa mlima. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru, ambao nao wana marika na vikao vyao, walijadiliana, wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hakuna mzee wa Meru aliyewahi kusimama mahali kama pale. Walichompa hakikuwa mfano wa kuiga. Walimpa shauri lililokwisha kujadiliwa hadi likaeleweka na kila ukoo, na uhakika kwamba akisema, wote wamesema. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo shauri la kijiji liliingia katika kumbukumbu za dunia, kwa sababu mjumbe alitumwa akiwa tayari.

Pingamizi la tatu ni la muda na fedha, nalo ndilo linalosemwa zaidi kwenye vikao vya bajeti. Nalipa uzito mdogo. Mihtasari inakaa kwenye makabati ya ofisi za kata, kuisoma ni bure. Mzee aliyewahi kuwa mwenyekiti hahitaji posho kubwa kuliko kusalimiwa vizuri na kusikilizwa. Ghali ni ule ukumbi.

Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe tatu za Wamaasai wa Kenya, enkipaata, eunoto na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mavazi na nyimbo za sherehe hizo zina watetezi wengi, watalii wakiwemo. Maandalizi yanayozitangulia hayana mpiga picha, na wazee wanaoyajua wanapungua. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa unatarajiwa mwaka 2029. Maofisa wa kata, vyama na vyuo wanaopanga semina za wakati huo wana muda wa kutosha kwenda kuketi na walezi wa Korianga na Nyangulo na kuwauliza wanavyofanya. Waende sasa, na wawachukue pia wanawake wanaotarajia kugombea.