Kutafuta Nkambo Mwingereza: Tusome kwa Sauti

Kitabu tunachotaka kukipima safari hii si kipya. Kilitungwa hapa kwetu mwaka 1965, wakati mji wa Lubumbashi ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Mtungaji wake ni André Yav, naye aliandika kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu. Alikipa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini asiyekijua asidhani kwamba ni orodha ya maneno. Ni habari za mji na za Wazungu waliokuja kuujenga, zikisimuliwa na watu waliowafulia nguo na kuwapikia chakula. Kurasa zake zilipigwa kwa mashine na kurudufiwa, zikapita mikononi mwa wachache. Mwaka 1990 Johannes Fabian alizitoa upya huko Amsterdam, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya lugha ya Walter Schicho, katika kitabu kiitwacho History from Below. Fabian huyu ndiye yule aliyeandika pia juu ya Jamaa ya Padre Placide Tempels, na wazee wetu wengine wa Jamaa wanalikumbuka jina lake.

Mtu atauliza, kwa nini tukirudie leo kitabu cha miaka mingi hivi? Tutasema wazi: kwa sababu kimetufaa katika kazi. Kijana na binti wa parokia yetu walikuja kuandikisha ndoa, na kabla ya tangazo la kwanza kusomwa kanisani, mzee mmoja wa ukoo alitujia jioni akasema, «Mwalimu, hawa ni ndugu. Nkambo wao ni mmoja, ni yule Mwingereza.» Kama neno lile lilikuwa kweli, mambo yalikuwa mazito. Watoto wa kaka na dada wamo katika daraja la nne la damu, na kanuni 1091 ya Sheria ya Kanisa inasema ndoa ya namna hiyo haisimami bila ruhusa. Basi hatukuwa na budi kumtafuta Mwingereza. Majina ya watu hatutayataja, maana wote wangali pamoja nasi isipokuwa wale wa kale.

Wasomaji wa mbali watashangaa kusikia habari za Mwingereza katika mji wa Wabelgiji. Sisi wa hapa hatushangai. Kampuni ya Tanganyika Concessions, iliyoanzishwa na Robert Williams mwaka 1899, ndiyo iliyomtuma George Grey kuitafuta shaba ya Katanga, na Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 fedha ya Waingereza ilikuwamo. Reli nayo ilitufikia kutoka kusini, kutoka Rhodesia, mwaka 1910. Tena tunapoita kitabu «buku» tunatamka Kiingereza pasipo kujua. Lakini Mwingereza wa parokia yetu si wa siku zile za kwanza. Alikuja mwaka 1953 akiwa fundi wa mashine, akaondoka Julai 1960, katika siku zile Wazungu wengi walipokimbilia Ndola kwa magari.

Ushahidi tuliopewa ulikuwa wa namna tatu. Kwanza picha: mwanamume mwenye kofia amesimama mbele ya nyumba ya matofali, na nyuma ya karatasi pameandikwa «Bwana Saa». Pili cheti cha mahakama cha mama wa binti, kilichotolewa kwa kukadiria baada ya vita za miaka ya 60, kikisema alizaliwa mwaka 1954. Tatu barua. Hii ndiyo iliyowafanya watu wote wajione wameshinda. Iliandikwa mwaka 1962 na mama aliyekaa na Mwingereza yule, akimpelekea huko Ndola. Yeye aliichukua mpaka Uingereza, akaitunza mpaka kufa kwake, na mpwa wake alipoikuta kati ya makaratasi alitafuta mtu wa kuifasiri, halafu akatuma nakala pamoja na fasiri ya Kiingereza. Katika fasiri ile imeandikwa kwamba mama anasema: ninao wote wawili, watoto wako wazuri. Wawili hao ni baba wa kijana na mama wa binti. Ukoo mzima ulikuwa umeipiga fasiri ile picha kwa simu na kuituma kila mahali.

Hapa ndipo kitabu cha André Yav kilipotufungua macho. Ukikifungua mara ya kwanza unachoka upesi. Maneno yameshikana, mengine yamekatwa katikati, nukta ziko pasipotakiwa. Sisi tuliofundishwa seminarini tungalichukua kalamu nyekundu mara moja, na tukiri kwamba magazeti ya misioni yamefanya hivyo mara nyingi kwa maandishi ya watu wetu: tumeyanyosha mpaka sauti ya mwenyewe ikapotea. Fabian hakufanya hivyo. Aliyaacha maandishi kama yalivyo, akamwomba Kalundi Mango ayasome kwa sauti, naye Kalundi ni mtu wa lugha hii. Kilichoonekana takataka kwa jicho kikawa maneno safi kwa sikio. Mwandishi alikuwa ameandika kama mtu asemavyo, naye asiyekisikia hakisomi. Kwa maoni yetu jambo hili ndilo kubwa kuliko yote katika kazi ile, kuliko hata maelezo marefu ya Kiingereza yaliyoongezwa nyuma yake.

Basi tuliiacha fasiri, tukairudia nakala ya barua yenyewe. Mstari wenyewe umeandikwa hivi, bila nafasi hata moja: nikonabobabilibatotobakobazuri. Tukampa mama mmoja mzee wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), aliyejifunza kuandika katika foyer za akina mama siku zile zile. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama asomaye barua iliyotoka kwa shoga yake: «Niko nabo babili. Batoto, bako bazuri.» Akapumzika baada ya neno batoto. Tukamwomba arudie. Akapumzika palepale.

Msomaji wa Kiswahili chetu ameshaona. «Bako» ni neno moja lenye kazi mbili. Laweza kuwa la kumilikisha, batoto bako, yaani watoto wa wewe. Laweza pia kuwa la hali, bako bazuri, yaani wapo salama, hawajambo. Aliyefasiri huko Uingereza, sijui alijifunza wapi, alichukua la kwanza. Mama mzee wa Kenya alichukua la pili pasipo hata kuwaza. Katika usomaji wake mwandishi hamwambii Mwingereza kwamba watoto wote wawili ni wake. Anamwambia kwamba watoto waliomo nyumbani wanaendelea vizuri, jambo ambalo mama yeyote angeliandika juu ya watoto anaowalea, wa tumbo lake na wa mwingine pia.

Hatusemi kwamba pumziko la mama mzee ni ushahidi wa kutosha. Barua inakubali njia zote mbili, na mhakiki mwaminifu hana haki ya kuchagua ile inayompendeza. Lakini kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ilikuwa na njia moja tu. Kwa sababu ya kosa lile tulikuwa tumetafuta ubatizo wa mama wa binti katika vitabu vya mjini, tangu 1953 mpaka 1960, tukitoka mikono mitupu.

Tuseme kidogo juu ya vitabu vya Ubatizo, maana watu wanavisoma vibaya. Wanapokuta maneno «pater ignotus», baba hajulikani, wanaona aibu, au wanasema padre alificha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni 777, ilimwekea padre mipaka: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, jina la baba lisiandikwe mpaka baba mwenyewe aombe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au pawepo hati halali ya serikali. Pasipo hayo, iandikwe kwamba baba hajulikani. Huenda mtaa mzima ulimjua, na padre akamsalimu kila Dominika, wala kalamu yake haikuwa na ruhusa. Kwa hiyo nafasi tupu katika kitabu haisemi habari ya mtoto. Yasema kwamba kuna mtu mzima ambaye hakuja kuweka mkono. Baba wa kijana wetu ameandikwa hivyo hivyo, mwaka 1955. Bwana Saa hakuja.

Wasomaji wanajua kwamba nafasi tupu za namna hii ziliwaletea wengine machozi makubwa zaidi. Watoto machotara wengi wa Kongo waliondolewa kwa mama zao na kuwekwa katika misioni. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Bruxelles iliihukumu dola ya Ubelgiji kwa ajili ya akina mama watano waliotendewa hivyo utotoni. Leo watoto wale, ambao sasa ni wazee, wanayasoma mafaili yaliyoandikwa ili kuwatenga, wakiwatafuta mama zao humo humo.

Turudi kwa wetu. Tukatafuta nyuma ya 1953, na nje ya mji. Katika misioni moja ya njia ya kaskazini tulimkuta: amebatizwa mwaka 1951, jina la mama ni lile lile, na jina la baba limeandikwa wazi, mume wa ndoa ya kanisa, fundi wa matofali, aliyefariki mwaka uliofuata. Mjane alikuja mjini na mtoto wake mdogo, akapata kazi ya kufua katika nyumba ya Bwana Saa. Naye alipokufa, mama mwenye barua akamlea mtoto. Mwingereza alipofika Katanga mtoto alikuwa anatembea tayari. Hapakuwa na kizuizi.

Tulidhani tutaleta furaha. Kijana na binti walifurahi, ndiyo. Lakini kaka zake binti walikaa kimya muda mrefu, halafu mkubwa wao akasema, «Mwalimu, umetunyang'anya nkambo.» Tangu utoto walikuwa wajukuu wa Mwingereza, weupe wa ngozi ya mama yao ulielezwa hivyo, na urefu wa mmoja, na hata hasira ya mwingine. Sasa walipewa fundi wa matofali ambaye hakuna aliyemtaja kwa miaka 70, asiye na picha wala barua. Nasi hatukuwa na neno la kuwapa kwa siku ile.

Kwa hiyo tuna shauri juu ya majina. Anayetafuta Mwingereza kwa jina la pasipoti atakwama, maana nyumbani hakuitwa hivyo. Watu wetu walimbatiza upya kila Mzungu, na jina lile lilikuwa hukumu. Ng'ambo ya mpaka John Edward Stephenson, Mwingereza aliyeianzisha Ndola mwaka 1904 na kuzaa watoto na wake zake Waafrika, aliitwa Chirupula, yaani mpiga viboko. Jambo la ajabu, yeye mwenyewe alilitia jina hilo juu ya kitabu cha maisha yake, Chirupula's Tale, mwaka 1937, kana kwamba ni nishani. Wajukuu wakisoma karatasi za Kiingereza peke yake watamkuta mwanzilishi wa mji. Wakiuliza maana ya jina watamkuta mtu mwingine katika koti lile lile. Bwana Saa wetu aliponea chupuchupu: aliitwa hivyo kwa kuwa hakuacha kutazama saa watu walipokuwa kazini.

Je, kitabu cha Yav na Fabian hakina kasoro? Kinazo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na watu ambao habari ni zao hawawezi kuyasoma. Tungependa mtu wa Chuo Kikuu cha hapa atutolee toleo la Kiswahili, la bei ya mkate. Tena ni kitabu cha wanaume. Kazi ya nyumba katika Elisabethville ilikuwa ya maboyi, nao ndio waliounda chama na kumpa Yav kalamu. Mama aliyekaa na Mzungu bila ndoa, na mjane aliyefua mashati, hawakuwa na chama. Tukitaka kuwasikia twabaki na barua kama ile moja, na bahati kwamba mzee fulani wa Uingereza hakuitupa motoni.

Matangazo ya ndoa yalisomwa Dominika tatu, wala hakuna aliyesimama kupinga. Wazee wengine wanaguna mpaka leo, wakisema waliolelewa jiko moja ni ndugu hata kitabu kikikataa, na hatuwezi kuwaita wajinga. Nakala ya barua tumeirudisha kwa wenyewe. Kaka mkubwa aliomba pia tumwandikie mstari wa kitabu cha Ubatizo wa mwaka 1951, jina la fundi wa matofali na la kijiji chake. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akauliza kama barabara ya kule inapitika wakati wa mvua.