Nani Shahidi wa Kituo Hiki? Uchambuzi wa Madaftari ya Vituo vya Kuchajia Magari ya Umeme

Mwenye gari la petroli hahitaji daftari la vituo, kwa sababu kituo chenyewe hujitangaza: bango lake huonekana tangu mbali, bei imeandikwa kwa tarakimu kubwa, na mhudumu amesimama kando ya pampu. Kituo cha kuchajia gari la umeme hakina tabia hiyo. Aghalabu ni nguzo moja au mbili zilizofichika nyuma ya hoteli, au katika tabaka ya chini ya jengo la maegesho, au pembeni mwa uwanja wa duka kubwa ambako hata mlinzi wa zamu huenda hazijui, wala hapana mtu wa kuulizwa kama zinafanya kazi. Na kwa kuwa dereva ambaye betri yake inakaribia kwisha hawezi kuazima lita mbili kwa mpita njia, imekuwa lazima kuwe na daftari la vituo hivyo, nalo liwe la kutegemewa.

Madaftari yenyewe si haba. Yako ya serikali, yako ya kampuni za biashara, yako ya watu wa kujitolea, na yako yaliyotiwa ndani ya magari yenyewe, na karibu kila moja hujisifu kwa wingi wa vituo vyake. Wingi huo, kwa maoni yangu, ni kipimo kibovu kuliko vyote, maana daftari lisilofuta kitu daima litakuwa nene kuliko lile linalofuta. Wanazuoni wa Hadithi, walipotaka kuipima habari, hawakuvutwa na uzuri wa maneno yake bali walitazama kwanza sanadi, nani kaipokea kwa nani, na kila mpokezi alikuwa mtu wa namna gani. Nami sijaona mizani inayofaa zaidi kwa kazi hii ya kuchuja habari za nguzo za umeme.

Mfano uliojengwa kwa subira zaidi ni wa Marekani. Mwaka 1991, kufuatia sheria ya mwaka 1988 juu ya magari yatumiayo nishati badala ya petroli, Wizara ya Nishati ya nchi hiyo iliasisi hazina ya habari iitwayo Alternative Fuels Data Center, ambayo imekuwa ikitunzwa na maabara ya taifa iliyoko Golden, Colorado, na ambayo leo ina daftari la vituo vya umeme pamoja na vya gesi, haidrojeni na ethanoli. Watunzaji wake walitambua kwamba vituo vya umeme ni vya aina mbili, na kwamba habari zake haziwezi kupokewa kwa njia moja. Iko aina iliyounganishwa na mtandao wa kampuni, ambayo mitambo yake huzungumza na makao makuu usiku na mchana. Habari za hii hupokewa kila siku kutoka kompyuta za kampuni bila ya kupita mkononi mwa karani. Na iko aina isiyounganishwa na chochote, kama nguzo ya hoteli ndogo au ya manispaa, ambayo haina ulimi wa kujisemea. Kwa hii hapana budi mtu amtafute mwenyeji kwa simu au kwa barua pepe, walau mara moja kwa mwaka, amwulize kama nguzo ingaliko, kama wasio wateja wanaruhusiwa kuitumia, na kama saa za kufungua zimebadilika. Jibu likipatikana, tarehe yake huandikwa katika safu ya peke yake. Safu hiyo ndogo, ambayo msomaji mwenye haraka huipita bila kuitupia jicho, ndiyo niionayo kuwa na thamani kuliko zote, kwa kuwa humjulisha umri wa ushahidi anaopewa na kumwachia mwenyewe aamue kama atauamini.

Daftari hilo lilitanzua pia mushkeli wa hesabu, ambao umeharibu madaftari mengi. Tuseme pana uwanja wenye nguzo nne, na kila nguzo ina kebo mbili, moja yenye plagi ya CCS na nyingine ya CHAdeMO, lakini nguzo moja haiwezi kulisha zaidi ya gari moja kwa wakati. Mfanyabiashara atasema pana nafasi nane, mwenye uwanja atasema pana kituo kimoja, na dereva wa tano katika foleni atajua kwamba wote wawili hawakumwambia alilotaka kulijua. Daftari la Marekani limezitenga daraja tatu: mahali, kisha mlango wa kuchajia, ambao ni ule uwezao kulisha gari moja tu kwa wakati hata ukiwa na kebo kadhaa, kisha plagi. Katika mfano wetu mahali ni pamoja, milango ni minne, na plagi ni nane, na mtu akilinganisha miji miwili bila ya kujua ni daraja ipi iliyohesabiwa, ulinganisho wake ni upuuzi mtupu.

Uingereza ilipita njia nyingine, na mkasa wake unastahili kudurusiwa. Mwaka 2011 serikali ilianzisha daftari la taifa, National Chargepoint Registry, likiwa wazi kwa kila mtu kulisoma na kulinakili. Waliopewa ruzuku ya serikali kujenga vituo walitakiwa wajiandikishe. Wengine waliachiwa hiari, na hiari, kama ijulikanavyo, huwa na nguvu siku ya uzinduzi na kulegea baadaye. Wala halikuwapo sharti lenye meno la kumlazimisha aliyejiandikisha arudi kusema kwamba nguzo yake imeng'olewa au imebadilishwa. Basi daftari halikuharibiwa na mtu yeyote. Lilichakaa tu, vituo vilivyokufa vikibaki ndani yake na vilivyozaliwa vikikosekana. Wakati huo kampuni ya binafsi iitwayo Zapmap ilikuwa ikikusanya habari zile zile kutoka kwa wenye mitandao na kwa madereva, na ikafikia hadi Wizara ya Uchukuzi, yenye daftari la serikali yake, ikitoa takwimu zake rasmi za vituo kwa kutegemea hesabu za kampuni hiyo. Ikirari iliyo wazi kuliko hiyo sijui itatoka wapi. Mwishoni mwa mwaka 2024 daftari la taifa lilifungwa.

Kilicholifuata si daftari jipya bali ni sheria, na hapa pana busara. Kanuni za vituo vya umma zilizoanza kutumika Novemba 2023 ziliwapa wenye mitandao mwaka mmoja, kisha zikawataka waziweke wazi habari zao kwa muundo mmoja wa kimataifa, uitwao OCPI, ili yeyote atakaye kutengeneza daftari azipate bure zikiwa mbichi. Na mwenye kukaidi anaweza kutozwa faini hadi pauni 10,000 kwa kila nguzo. Mzigo wa kuhakikisha usahihi umeondolewa mabegani mwa mwandishi wa daftari ukatwikwa mwenye mtambo, ambaye ndiye pekee ajuaye hali yake. Umoja wa Ulaya ulifuata mwendo huo huo kwa kanuni yake nambari 2023/1804, ambayo tangu Aprili 2025 inadai habari za kudumu, kama mahali, aina ya plagi, nguvu kwa kilowati na saa za kazi, pamoja na habari za kupita, kama mlango uko wazi au una gari, ni mzima au mbovu, na bei yake ni kiasi gani kwa mteja asiye na mkataba. Fauka ya hayo inataka kila mlango uwe na nambari yake ya utambulisho, yenye alama ya nchi na ya mwendeshaji, jambo ambalo linaonekana la kikarani tu mpaka mtu akumbuke kwamba nguzo moja huuzwa na mawakala wengi, kila mmoja akaipeleka kwenye ramani kwa jina lake, na nguzo moja ikawa tatu zilizopishana kwa hatua chache tu barabarani.

Ama Norway haikungoja sheria hizo. Daftari lake liitwalo NOBIL lilitengenezwa kwa ushirikiano wa shirika la serikali, ambalo leo ni Enova, na chama cha wenye magari ya umeme. Wenye fedha wakatoa fedha, na wenye kuathirika na ghalati wakawa ndio wasahihishaji. Ni mapatano rahisi, na sielewi kwa nini hayakuigwa upesi zaidi.

Upo ushahidi wa namna nyingine, wa madereva wenyewe. PlugShare, iliyoanzia Marekani, na Open Charge Map, iliyoanzishwa mwaka 2011 ikiwa na habari zilizo huru kwa kila mtu, zote mbili humpa nafasi aliyefika kituoni aseme alichokikuta, na shahidi huyu husema mambo ambayo daftari la serikali halina safu yake: kwamba lango hufungwa saa mbili usiku, kwamba maegesho hulipiwa mbali na umeme, kwamba kebo haifiki kwa gari lenye tundu upande wa nyuma. Mitambo ya Tesla kwa miaka mingi ililisha magari ya kampuni hiyo peke yake. Ilipoanza kufunguliwa kwa wengine huko Ulaya mwaka 2021, baadhi ya vituo viliwakubali wageni na vingine vikawakataa, na madereva ndio waliozichora tofauti hizo nguzo kwa nguzo. Walakini ushahidi wa namna hii hutegemea wapitao. Katika barabara kuu hujaa, ukapingana na kusahihishana wenyewe. Katika mji ulio baidi huenda neno la mwisho liliandikwa na mtu mmoja mwaka juzi, tena akiwa na hasira. Alama ya juu iliyotokana na maoni mawili ya zamani haina uzito wa alama ya wastani iliyotokana na mamia ya maoni ya mwezi huu, ilhali kwenye kioo cha simu zote mbili hung'aa sawasawa.

Huenda msomaji akadhani kwamba shaka zote huondoka pale mtambo wenyewe unapojisemea. Nilidhani ingefaa iwe hivyo, lakini mambo sivyo yalivyo. Nguzo nyingi huongea na makao yao kwa lugha ya mitambo iitwayo OCPP, iliyobuniwa Uholanzi, ambayo toleo lake la 1.6 huuruhusu mlango kujieleza kwa hali tisa, kuanzia kuwa tayari, kuchaji na kuwekewa miadi hadi kuwa na hitilafu. Hali hizo ni za ubongo wa mtambo, si za viungo vyake vyote: kebo ikivunjika plagi, kioo kikipasuka au kisoma kadi kikikataa malipo, ubongo huweza kuendelea kutuma salamu kwamba uko tayari, na ramani ikaonyesha rangi ya kijani. Mwaka 2022 watafiti wa California walikwenda kupima wenyewe vituo 181 vya umma vya kuchaji kwa kasi katika eneo la ghuba ya San Francisco, vyenye milango 657 ya CCS, wakakuta iliyofanya kazi ni asilimia 72.5, na karibu asilimia 5 kebo zake zilikuwa fupi mno kulifikia tundu la gari. Wakati huo kampuni zilikuwa zikidai uzima wa asilimia 95 hadi 98. Sidai kwamba kampuni zilisema uongo. Zilipima salamu za mtambo, watafiti wakapima umeme ulioingia garini, na daftari la kuaminika ni lile linaloonyesha lini gari la mwisho lilichaji hapo na likafanikiwa, habari ambayo kila mwendeshaji anayo katika hesabu za malipo yake na ambayo wachache huitoa.

Hata asilimia za sheria zataka kusomwa kwa tahadhari. Uingereza yadai mitambo ya kasi iwe mizima kwa asilimia 99, ambayo kwa mlango mmoja ni kuruhusu ubovu wa saa 87 na ushei kwa mwaka. Kanuni za Marekani kwa vituo vilivyojengwa kwa ruzuku ya shirikisho zadai asilimia 97, kiasi cha siku kumi na moja. Lakini asilimia ya Uingereza ni wastani wa mtandao mzima, hivyo kampuni yenye mamia ya milango yaweza kutimiza sheria ilhali mlango mmoja, ulio pekee katika njia ya milimani, umelala tangu mwanzo wa mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki madaftari haya ya kigeni yanafika yakiwa na mapengo ambayo watungaji wake hawakuyafikiria. Magari mengi madogo ya umeme yaliyoingia Kenya ni Nissan Leaf zilizokwisha tumika Japani, zenye tundu la CHAdeMO kwa kasi na Type 1 kwa polepole, na ramani isemayo tu kwamba hapa pana kituo humpeleka mwenye Leaf kwenye nguzo ya soketi ya Type 2 isiyomfaa pasipo kebo ya kubadilishia. Kubwa zaidi ni kwamba chombo cha umeme kinachoenea kwa wingi katika miji yetu ni bodaboda, nayo haichajiwi kando ya njia. Dereva wake huacha betri tupu akachukua iliyojaa, akaenda zake kwa dakika chache. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 ilivitaja vituo vya kubadilishia betri pamoja na vya kuchajia, na mtu atakayetengeneza daftari la hapa yampasa aanzie hapo, akijua kwamba betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Basi safu ya kwanza baada ya mahali iwe ya jina la mwenye betri, ya pili iwe ya betri ngapi zilizojaa ziko rafuni sasa hivi, na ya tatu iwe ya tarehe na saa ambayo dereva wa mwisho alipewa moja akaondoka nayo.