Heko, Myra Hess

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, kumbi za muziki za London zilifungwa. Myra Hess, mpiga piano aliyekwishajijengea jina, akaomba kuandaa maonyesho ya muziki katika National Gallery, jumba la picha za sanaa. Picha zilikuwa zimehamishwa, kuta zimebaki tupu. Kiingilio kikawa shilingi moja, saa za chakula cha mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Makarani na askari walikaa hata sakafuni, sandwichi mkononi. Mabomu yalipozidi, piano ikashushwa vyumba vya chini na ratiba ikaendelea. Tena alipiga Bach na Beethoven, watunzi wa Ujerumani, nchi ya adui, bila kumwomba mtu radhi. Hapo namvulia kofia! Kwa miaka sita na nusu hakudai malipo. Maonyesho yalikaribia 1,700.