"DNA Taka": Istilahi Inayohukumu Kabla ya Uchunguzi

Istilahi njema huitaja dhana, haiitolei hukumu. Kanuni hii huvunjwa na mfasiri anayeandika "DNA taka" kila akutanapo na sehemu za DNA zisizobeba maagizo ya kuunda protini. Kosa hili si dogo. Maandishi yanayozitaja sehemu hizo huweza kuwa maombi ya fedha za utafiti, na msomaji wake akawa ofisa asiye mwanabiolojia. Ofisa huyo ataulizwa: je, fedha za umma zigharimie kompyuta na wataalamu wa kuchambua taka? Mfasiri amekwisha kumjibia.

Tuitazame dhana yenyewe. Jenomu ya binadamu ina jozi za besi zipatazo bilioni 3, na sehemu inayosimba protini haizidi asilimia 2. Mwaka 1972 Susumu Ohno alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya iliyobaki haina kazi, kwani kama yote ingekuwa na kazi, madhara ya mabadiliko ya nasibu yangemlemea kiumbe. Hata hivyo, neno la Kiingereza alilolitumia halilingani na "taka". Sydney Brenner alikwisha kueleza kwamba kuna vitu visivyofaa ambavyo watu huvitupa, na vingine ambavyo huviweka. Kiswahili kinayo tofauti hiyo: taka hupelekwa jalalani, makorokoro hukaa uvunguni, na pengine siku moja kipande chake kikafaa. Anayemfasiri Ohno kwa uaminifu na aseme "makorokoro".

Lakini hata "makorokoro" hayafai kuwa jina la jumla. Mathalani, tuchukue selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayokata DNA ya mgonjwa mahali pamoja ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Mahali hapo hapasimbi protini yoyote. Huchochea tu jeni hiyo katika chembe zinazozaa chembe nyekundu za damu. Pakiharibiwa, mwili hurudia kuunda himoglobini ya kijusi kwa wingi, na maumivu makali ya mgonjwa hupungua. Kipande hicho kisingalitambuliwa kama watafiti wangaliliamini jina la "taka".

Wala tusikimbilie upande wa pili. Mradi wa ENCODE, ulioanzishwa Marekani mwaka 2003, ulitengewa takriban dola milioni 123 kwa miaka 5 ya awamu yake kuu. Mwaka 2012 ulitangaza kwamba asilimia 80 ya jenomu ina "kazi" ya kibiokemia. Mwaka uliofuata Dan Graur na wenzake walipinga vikali: sehemu ya DNA kunakiliwa, au kushikwa na protini, si ushahidi kwamba ina kazi. Hapa pia mfasiri yumo hatarini. Jembe hulia likigonga jiwe, lakini kulia si kazi ya jembe. Anayeandika "kazi" pale panapostahili "shughuli" amempendelea mwombaji wa fedha, kama vile aliyeandika "taka" alivyomdhulumu.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) DNA isiyosimba protini: jina la jumla, lisilo na hukumu;

(b) DNA makorokoro: pale tu mwandishi anapodai kwamba sehemu inayotajwa haina kazi;

(c) shughuli ya kibiokemia: tukio lililopimwa katika maabara;

(d) kazi: pale tu inapodaiwa kwamba sehemu hiyo ina manufaa kwa kiumbe, na hoja ikatolewa.

Huenda wasomaji wakalalamika kwamba istilahi ya kwanza ni ndefu. Ni kweli, na mwalimu ubaoni ataionea uzito. Lakini ufupi wa "taka" umepatikana kwa kuacha ukweli nje. Kamati inaweza kuyakataa maombi ya utafiti huu kwa sababu nzuri: uhaba wa fedha, udhaifu wa mpango, au mahitaji mengine ya dharura. Kuamua ni haki yake. Mfasiri hana haki ya kuiamulia kwa neno moja.